Moyo Ulioshindwa na Vifaa Vinavyopandikizwa Kifuani

Kushindwa kwa moyo si kusimama kwa moyo, ingawa wengi wakilisikia jina la ugonjwa huo hudhani kwamba mgonjwa amebakiza saa chache za kuishi. Ni hali ambayo moyo, kwa kuwa misuli yake imedhoofika au imekakamaa, hauwezi tena kusukuma damu inayotosheleza mahitaji ya mwili, na matokeo yake ni kwamba maji hujaa katika mapafu, miguu huvimba, mgonjwa hushindwa kulala bila kuegemea mito miwili au mitatu, na hata kutembea kutoka chumbani hadi uani humwacha akitweta. Mazungumzo haya yanahusu hatua ya mbele ya ugonjwa huo, ile ambayo dawa peke yake hazitoshi, pamoja na vifaa ambavyo sayansi ya tiba imevibuni kwa muda usiozidi miaka 70 ili vipandikizwe mwilini viusaidie moyo ulioelemewa. Hoja itakayotetewa ni kwamba kila kimoja kati ya vifaa hivyo hujibu swali moja tu kuhusu moyo wa mgonjwa, na kwamba faida yake hutegemea mambo mawili: swali hilo liwe limeulizwa sawasawa kabla ya upasuaji, na matunzo yawepo kwa miaka yote inayofuata baada ya kidonda kupona.

Moyo una vyumba vinne, yaani viwili vya juu viitwavyo aurikali, ambavyo hupokea damu, na viwili vya chini viitwavyo ventrikali, ambavyo huisukuma. Ventrikali ya kulia huipeleka damu kwenye mapafu ikachukue oksijeni, na ile ya kushoto, yenye misuli minene zaidi, huisambaza mwili mzima kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kazi hiyo ni ya lita 5 hivi kwa dakika, na moyo hudunda takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzishwa na mkondo mdogo wa umeme unaozaliwa katika kikundi cha seli kilichopo sehemu ya juu ya aurikali ya kulia, kisha ukashuka kwa njia zake maalumu hadi katika ventrikali zote mbili, nazo zikajikaza kwa wakati mmoja. Msikilizaji akizingatia kwamba moyo ni misuli inayosukuma na papo hapo ni mfumo wa umeme unaoiamrisha misuli hiyo, ataelewa kwa nini vifaa vinavyojadiliwa hapa ni vya namna tofauti, kwani viwili hushughulikia umeme wa moyo na kimoja huichukua kazi yenyewe ya kusukuma.

Nguvu ya moyo hupimwa zaidi kwa kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho hospitalini huitwa kwa ufupi eko. Kipimo hicho huonyesha ni asilimia ngapi ya damu iliyojaa katika ventrikali ya kushoto hutoka nje kwa kila pigo, na kwa moyo wenye afya asilimia hiyo huwa kati ya 55 na 70. Ikishuka chini ya 40 moyo huhesabiwa kuwa umedhoofika, na ikifika 35 au chini yake ndipo madaktari huanza kufikiria vifaa vya kupandikiza. Hata hivyo, namba hiyo haisemi yote, kwa maana wapo wenye asilimia 25 wanaokwenda shambani na kurudi, na wapo wenye asilimia 35 wasioweza kuvaa viatu bila kupumzika. Kwa sababu hiyo wagonjwa hupangwa pia katika madaraja manne kulingana na dalili zao, kuanzia la kwanza, la asiyehisi shida yoyote, hadi la nne, la anayetweta hata akiwa amekaa.

Kabla ya kifaa chochote hutangulia dawa, na hapa pana jambo ambalo mara nyingi hurukwa kwa haraka ya kutafuta teknolojia. Moyo ukidhoofika, mwili huchukulia upungufu wa damu inayosukumwa kama hatari ya ghafla, hivyo hutoa homoni zinazobana mishipa, zinazoongeza kasi ya mapigo na zinazoamuru figo zihifadhi chumvi na maji. Homoni hizo huokoa maisha ya mtu aliyejeruhiwa na kupoteza damu, lakini zikiendelea kwa miezi na miaka huuchosha zaidi moyo uliokwisha kuchoka na kuutanua. Dawa za msingi za leo, ambazo ni za makundi manne, hukata mzunguko huo: zile za kulegeza mishipa kama enalaprili na jamaa zake, vizuizi vya beta kama bisoprololi na karvediloli, spironolaktoni, na kundi jipya lililoanzia katika tiba ya kisukari, mfano dapagliflozini. Kanuni inayofuatwa na mabingwa ni kwamba mgonjwa atumie dawa hizo kwa kipimo kinachofaa kwa muda usiopungua miezi mitatu, kisha moyo upimwe upya, kwa kuwa baadhi ya mioyo hujirudi na kuvuka ile asilimia 35 bila waya wala betri. Kwa mama aliyepatwa na udhaifu wa moyo mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, subira hiyo ina uzito wa pekee, maana wengi wao hupata nafuu kubwa ndani ya miezi 6 hadi 12, na kifaa kilichowekwa kwa pupa kingebaki kifuani mwa mwanamke kijana kwa miaka mingi bila kazi.

Kifaa cha kwanza cha kuzungumzia ni kile kinachorudisha uwiano wa mapigo. Msingi wake ni peisimeka, ambayo wengi huiita betri ya moyo, na ambayo kwa mara ya kwanza ilipandikizwa yote ndani ya mwili wa binadamu tarehe 8 Oktoba 1958 katika Hospitali ya Karolinska, karibu na jiji la Stockholm nchini Sweden. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza na daktari wa upasuaji Åke Senning akaipandikiza kwa Arne Larsson, mtu aliyekuwa akizimia mara kwa mara kwa sababu umeme wa moyo wake ulikuwa ukikatika njiani. Kifaa hicho cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, lakini Larsson alibadilishiwa vingine zaidi ya 20 katika maisha yake na akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuishi muda mrefu kuliko mhandisi na daktari waliomwokoa. Peisimeka ya namna hiyo, hata hivyo, ilikusudiwa kwa moyo unaopiga polepole mno, na haikuwa jibu kwa moyo uliopoteza nguvu ya misuli.

Jibu hilo lilianza kuonekana pale madaktari walipotambua kwamba kwa baadhi ya wagonjwa umeme unaokwenda ventrikali ya kushoto huchelewa, kwa kuwa tawi la njia linaloelekea upande huo limeziba, hali ambayo huonekana katika kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kama wimbi lililopanuka. Katika moyo wa namna hiyo ukuta mmoja wa ventrikali hukaza wakati mwingine umelegea, ukawa kama mtumbwi ambao wapiga kasia wa upande mmoja huanza wenzao wakiwa wamekwisha kumaliza, nguvu zinatumika na chombo hakisogei. Mwaka 1994 kundi la madaktari wa Ufaransa, akiwamo Serge Cazeau, lilichapisha taarifa ya mgonjwa aliyewekewa nyaya za kuchochea vyumba vyote vinne vya moyo, na mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kifaa kilichojengwa juu ya wazo hilo. Kifaa chenyewe huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na nyaya zake tatu hupitishwa ndani ya mishipa: mmoja hufika aurikali ya kulia, wa pili ventrikali ya kulia, na wa tatu huzungushwa kupitia mshipa wa vena ulio nyuma ya moyo hadi uso wa nje wa ventrikali ya kushoto, ili pande zote mbili zipokee amri kwa pamoja.

Utafiti uitwao CARE-HF, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuatilia wagonjwa 813 katika nchi za Ulaya kwa wastani wa miezi 29 hivi, na katika kundi lililopata kifaa walifariki asilimia 20, ilhali katika kundi lililotumia dawa peke yake walifariki asilimia 30. Wagonjwa wengi walieleza pia kwamba pumzi ilirudi na miguu ikapata nguvu, jambo ambalo kwa aliyeshindwa kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yake lina thamani isiyopungua ile ya miaka iliyoongezwa. Lakini takriban theluthi moja ya wanaowekewa hawapati nafuu inayoonekana, na wanaofaidika zaidi ni wale ambao wimbi la umeme katika ventrikali zao huchukua milisekunde 150 au zaidi na tawi la kushoto limeziba. Kwa mwenye wimbi jembamba, kifaa hiki hakina cha kurekebisha na kinaweza hata kudhuru. Kwa hiyo swali ambalo kifaa hiki hujibu ni moja: je, moyo huu umedhoofika kwa sababu pande zake hazikazi pamoja?

Kifaa cha pili hujibu swali jingine kabisa, nalo ni la kifo cha ghafla. Misuli ya moyo iliyotanuka na kuwa na makovu huweza, bila onyo, kuzalisha vurugu ya umeme ambamo ventrikali hutetemeka badala ya kukaza, damu ikaacha kwenda kwenye ubongo, na mtu akaanguka na kufariki ndani ya dakika chache. Tiba pekee ya tukio hilo ni mshtuko wa umeme utakaoizima vurugu ili mapigo ya kawaida yaanze upya. Mtu aliyeng'ang'ania wazo kwamba mashine ya mshtuko iwekwe ndani ya mwili ili imfuate mgonjwa popote aendapo ni daktari Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw aliyepoteza jamaa zake katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akasomea udaktari Ufaransa na kufanya kazi Israeli, ambako mwaka 1966 mwalimu wake, Harry Heller, alifariki kwa ugonjwa wa namna hiyo. Mirowski alihamia Baltimore nchini Marekani na huko, pamoja na Morton Mower, alifanya utafiti kwa zaidi ya miaka 10 huku baadhi ya mabingwa wakubwa wakiandika kwamba wazo lake halina maana. Tarehe 4 Februari 1980, katika Hospitali ya Johns Hopkins, daktari wa upasuaji Levi Watkins, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alipandikiza mashine hiyo, iitwayo defibrileta, kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa binadamu, na mwaka 1985 kifaa hicho kikaidhinishwa rasmi.

Ushahidi wa faida yake kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa ulitolewa na utafiti uitwao SCD-HeFT, uliochapishwa mwaka 2005 ukiwa na wagonjwa 2,521 wenye asilimia ya msukumo isiyozidi 35. Wakati wa ufuatiliaji walifariki asilimia 29 ya waliotumia vidonge visivyo na dawa ndani yake, asilimia 28 ya waliotumia dawa ya kutuliza mapigo iitwayo amiodaroni, na asilimia 22 ya waliowekewa defibrileta. Takwimu hizo zinatakiwa kusomwa kwa utulivu: kifaa kiliokoa watu 7 hivi katika kila 100, na waliobaki ama hawakukihitaji katika muda huo ama walifariki pamoja na kuwa nacho. Sababu yake ni kwamba defibrileta haiongezi nguvu ya moyo hata kidogo, bali hukaa macho ikisubiri vurugu, na ikitokea huituliza kwa mfululizo wa mapigo ya haraka yasiyouma au, hayo yakishindikana, kwa mshtuko ambao mgonjwa huuhisi kama pigo zito kifuani. Ndiyo maana wagonjwa wa daraja la nne, ambao hawana tegemeo la kupata moyo mwingine wala pampu, hawapendekezewi kifaa hicho, kwa kuwa kinachowaua ni kuishiwa nguvu kwa moyo, na kumzuilia mtu kifo cha ghafla bila kumpunguzia dhiki ya pumzi si msaada anaoutarajia.

Utafiti mwingine, uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2016 kwa jina la DANISH, uliwachunguza wagonjwa ambao udhaifu wa moyo wao haukutokana na kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, ukaonyesha kwamba defibrileta ilipunguza vifo vya ghafla kwa nusu lakini haikupunguza kwa kiwango cha uhakika jumla ya vifo, isipokuwa faida ilionekana zaidi kwa wagonjwa wenye umri mdogo. Matokeo hayo yanaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kama itakavyoelezwa baadaye.

Kifaa cha tatu ni pampu inayoisaidia ventrikali ya kushoto, na ndiyo tiba iliyokusudiwa hasa kwa ugonjwa uliofika mbali. Mrija wake mmoja huchomekwa katika ncha ya moyo na mwingine huunganishwa na aota, hivyo damu hupita ndani ya pampu badala ya kusukumwa na misuli iliyoishiwa nguvu. Utafiti wa REMATCH, uliochapishwa Marekani mwaka 2001, uliwachukua wagonjwa 129 ambao hawakufaa kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, na baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 52 ya waliopewa pampu na asilimia 25 ya waliopewa dawa; hata hivyo, baada ya miaka miwili asilimia hizo zilishuka hadi 23 na 8, kwa kuwa pampu za wakati ule, zilizoiga mdundo wa moyo, zilichakaa upesi na kuleta maambukizi. Vizazi vilivyofuata viliacha mdundo vikatumia rota inayozunguka mfululizo, na katika pampu ya HeartMate 3 rota hiyo huelea katika uga wa sumaku bila kugusana na chochote, jambo linalopunguza kuganda kwa damu. Katika utafiti wa MOMENTUM 3 uliokuwa na wagonjwa 1,028, asilimia 58 ya waliowekewa pampu hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano, matokeo yasiyofikirika kwa watu ambao bila msaada huo wengi wao wangefariki ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Maisha na pampu hiyo yana masharti yake. Waya hutoka ndani ya mwili kupitia ngozi ya tumbo na kuunganishwa na kidhibiti pamoja na betri mbili zinazobebwa begani au kiunoni, na usiku mgonjwa hulala akiwa ameunganishwa na umeme wa ukutani. Damu ikipita mfululizo, mkono wa daktari mara nyingi hauhisi mapigo, na kipimo cha kawaida cha shinikizo hakisomi vizuri. Mgonjwa hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, yaani warfarini, ambayo inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Tundu la waya tumboni huweza kuingiwa na vijidudu. Na hatari ya kiharusi na ya kutokwa damu tumboni hubaki. Kuogelea hakuruhusiwi, na umeme ukikatika kwa muda mrefu bila betri za akiba, hatari yake ni ya kifo.

Namna vifaa hivi vinavyofuatana katika maisha ya mgonjwa mmoja inaonekana wazi katika historia inayofahamika kwa umma ya Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Alipatwa na shambulio la kwanza la moyo mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 37, akawekewa defibrileta mwaka 2001 akiwa madarakani, akawekewa pampu mwaka 2010 moyo wake ulipokuwa umeishiwa nguvu kabisa, na mwaka 2012 akapandikizwa moyo wa mtu aliyefariki, ambao aliishi nao kwa zaidi ya miaka 13. Kila hatua ilikuja kwa sababu swali lilikuwa limebadilika, kutoka hatari ya kifo cha ghafla hadi upungufu wa msukumo, na kila hatua ilihitaji hospitali, bima, wauguzi na familia ambayo haikuchoka. Upandikizaji wa moyo wenyewe ulianzia Afrika, mikononi mwa Christiaan Barnard katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, lakini mioyo ya kupandikiza ni michache kila mahali duniani, na pampu ndiyo inayomweka mgonjwa hai akisubiri au inayochukua nafasi ya moyo huo moja kwa moja.

Katika Afrika Mashariki sura ya ugonjwa huu ni tofauti, na tofauti hiyo inapaswa kuongoza uamuzi kuhusu vifaa. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba wastani wa umri wa waliolazwa kwa moyo kushindwa ulikuwa miaka 52, kwamba sababu kuu, kwa asilimia 45 hivi, ilikuwa shinikizo la juu la damu, na kwamba kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, ambako ndiko chanzo kikuu katika tafiti nyingi za Ulaya na Marekani, kulichangia chini ya asilimia 8. Karibu mgonjwa mmoja kati ya sita alifariki ndani ya siku 180. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014 ulitoa picha inayofanana, shinikizo la damu likiwa chanzo cha karibu nusu ya wagonjwa, likifuatiwa na magonjwa ya misuli ya moyo na madhara ya homa ya baridi yabisi katika valvu, yaani milango ya moyo.

Mambo matatu yanafuata kutokana na takwimu hizo. La kwanza ni kwamba mgonjwa wa Afrika Mashariki ni kijana kuliko mgonjwa wa Ulaya kwa miaka mingi, na mara nyingi ndiye mlezi wa familia, hivyo kifaa kinachofaa kikimpata kwa wakati humrudisha katika miaka ya kazi na malezi. La pili ni kwamba tafiti zilizoweka kanuni za defibrileta zilifanywa zaidi kwa watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa hiyo matokeo ya Denmark yanamgusa mgonjwa wa Tanzania au Kenya pande zote mbili: moyo wake haukudhoofishwa na mishipa iliyoziba, jambo linalopunguza faida ya kifaa, lakini umri wake ni mdogo, jambo linaloiongeza. Uamuzi wa namna hiyo hautoki katika jedwali la kigeni bali katika mazungumzo ya daktari na mgonjwa. La tatu ni kwamba aliyeharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi anahitaji upasuaji wa valvu, na aliyedhoofishwa na shinikizo la damu anahitaji kwanza shinikizo hilo lishushwe. Kumwekea kifaa huku chanzo kikiendelea ni kupoteza fedha na matumaini.

Huduma zenyewe hazipo mbali kama zamani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, imeifanya huduma ya kuweka betri ya moyo kuwa jambo la kawaida nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago na hospitali kubwa za Nairobi zinatoa huduma kama hiyo, na wagonjwa ambao hapo awali wangesafirishwa kwenda India hutibiwa karibu na jamaa zao. Pampu ya ventrikali bado haijawa tiba ya kawaida katika nchi hizi, na sababu si bei peke yake: mgonjwa wa pampu anahitaji kliniki inayopima kuganda kwa damu kila baada ya wiki chache, muuguzi anayejua kutunza tundu la waya, na umeme usiokatika, na ni heri taifa lijenge kwanza misingi hiyo kuliko kununua mashine zitakazokosa wa kuzihudumia.

Gharama ya vifaa vya umeme nayo imetafutiwa njia. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha wagonjwa 1,051 wa Mexico na wa nchi za Amerika ya Kati na Karibi waliowekewa vifaa vilivyotolewa kwa watu wengine, vikapimwa na kutakaswa upya, na wagonjwa wa Kanada waliowekewa vifaa vipya, na haukukuta tofauti ya uhakika ya maambukizi. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kimeongoza majaribio ya peisimeka zilizotumika, yakihusisha nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo. Njia hiyo inastahili kuendelezwa kwa sheria na usimamizi ulio wazi, kwa sababu betri iliyobakiza miaka saba ya kazi haina faida ikizikwa pamoja na marehemu. Hata hivyo, njia ya kudumu ni bima, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023 itapimwa, miongoni mwa mambo mengine, kwa jinsi itakavyomshughulikia mgonjwa wa moyo asiye na ajira rasmi, ambaye hatibiwi mara moja tu bali maisha yake yote.

Maisha baada ya kifaa yana mambo ambayo familia inapaswa kuelezwa mapema. Simu ya mkononi isiwekwe katika mfuko wa shati ulio juu ya kifaa bali iwe mbali nacho kwa sentimita 15 au zaidi, kadi ya kifaa ibebwe wakati wote, na kliniki ihudhuriwe hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa kuwa betri hupungua nguvu kimya kimya na hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Kwa familia za Kihindu na nyinginezo zinazochoma maiti, kifaa hakina budi kutolewa kwanza, kwa kuwa betri hulipuka katika moto. Jambo zito kuliko yote ni lile la mwisho wa safari, kwani mgonjwa wa defibrileta anayekata roho kwa ugonjwa mwingine huweza kupigwa mshtuko baada ya mshtuko mbele ya watoto wake, ilhali sehemu hiyo ya kifaa huweza kuzimwa kwa dakika chache bila maumivu na bila kuharakisha kifo. Kuizima ni kuiondoa tiba isiyosaidia tena, si kuyakatisha maisha, na mazungumzo hayo yanafaa kufanywa mgonjwa akiwa na akili timamu, daktari, ndugu na kiongozi wa dini wakiwapo ikiwa mwenyewe anataka.

Kutokana na maelezo haya yote, wajibu wa kila upande unaonekana. Daktari wa hospitali ya wilaya, akiwa na mgonjwa aliyelazwa mara mbili ndani ya mwaka kwa kujaa maji, asisubiri ya tatu ndipo amwandikie rufaa, kwa kuwa mgonjwa anayefikishwa kwa bingwa viungo vingine, kama figo na ini, vikiwa vimeharibika pamoja na moyo, hana tena nafasi ya kupokea vifaa hivi. Serikali na mifuko ya bima ivihesabu vifaa pamoja na dawa, vipimo na kliniki zinazovifuata, maana kimoja bila vingine hakitoi faida iliyoonekana katika tafiti. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, bila kuogopa koti jeupe, kifaa anachopendekezewa kinajibu swali gani kuhusu moyo wake, kitambadilishia nini na hakitambadilishia nini, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Mwenye shinikizo la damu ambaye leo hana dalili yoyote, akipima na kunywa dawa zake kila siku, huenda asifike kamwe mahali pa kuuliza swali hilo, na kuwawezesha watu wa namna hiyo kwa maelfu, kwa dawa ambazo tayari zipo na bei yake ni ndogo, ni sehemu ya tiba ya moyo ulioshindwa sawa na upasuaji wowote unaofanyika Dar es Salaam, Nairobi au Baltimore.